Dama ya Miaka Mitatu

2 Machi 2024

Dada yangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi, Kitinda, mdogo wako. Mwaka juzi simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea mitambo, ikazama na namba zote, yako ikiwemo. Kilichobaki kichwani ni namba ya sanduku la posta la duka lako la fotokopi, kwa sababu ndimi niliyeipaka rangi kwenye kibao cha mlangoni, nikakosea tarakimu moja, ukanifanya nirudie kibao kizima. Kumbe ulikuwa unanihifadhia kitu.

Mimi nipo, mzima. Bado ni fundi wa majokofu. Siku hizi naangalia vyumba vya baridi vya ghala moja la matunda. Kazi yangu ni kuhakikisha matufaha hayagundui kwamba msimu wao ulikwisha. Navaa koti zito mchana wa jua kali, na watu wa nje wananiona kama nimerukwa na akili.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi nilipita kwa muuza mtumba wa vyombo vya umeme kutafuta feni. Pembeni ana boksi la simu za zamani, zimerundikwa kama dagaa. Nikaona moja kama yetu ile ya kwanza ya kugusa kioo. Kitufe kimoja chini, mgongo wa plastiki unaobonyea ukiushika. Nikamwomba aitie chaji. Ikawaka. Na ndani yake, dada, mchezo wa Chura ulikuwamo.

Nilicheka peke yangu pale mpaka muuzaji akanitazama vibaya. Unakumbuka tulivyokuwa tunaugombea? Wewe kwenye kiti, mimi sakafuni, simu inapita mkono kwa mkono. Chura anaruka jani hadi jani, akikosea anadumbukia. Ukinionea wivu unasema, "Umekufa, lete." Siku hizi kila mchezo unataka kwanza utazame tangazo, kisha ujisajili, kisha uambiwe rafiki zako wamekupita. Ule ulitaka kidole tu.

Nikaenda nayo chumbani, nikakaa kitandani, nikacheza. Jani la tatu nikakosea. Ule mlio wa kudumbukia ukalia. Nikaizima palepale, nikaiweka chini ya mto kama mtu aliyeficha kitu cha wizi.

Unajua sababu. Tangu siku ile Mama alipoanguka sikuwa nimeusikia mlio ule. Yeye mgonjwa kitandani, Mzee kaenda kuchukua dawa, wewe dukani, na mimi niliyeachiwa kumwangalia niko sebuleni nahangaika na chura. Wiki sita baadaye tukamzika. Na kesho yake baada ya mazishi Mzee akaniuliza mbele ya watu, bila kupaza sauti, "Mchezo ulikuwa mtamu?" Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Niliiacha simu mezani nikaondoka.

Simuulizii yeye. Ninachotaka kusema ni kuhusu wewe. Nilipofika huku nikanunua simu yangu, nikajisajili upya, nikakutafuta kwenye ule mchezo wa dama wa mtandaoni tuliokuwa tumejiunga kwa jina moja, nawe ukaitikia. Miaka mitatu, kila asubuhi, kabla sijavaa koti. Wewe hatua moja, mimi hatua moja. Waliposema mchezo unafungwa, nilikuwa kama mtu aliyekuta njia yake ya kwenda kazini imejengewa ukuta. Sikukwambia. Kwenye simu tulikuwa tukitakiana heri ya mwaka mpya tu, na mimi ndimi niliyesema mchezo ni mchezo na simu ni simu.

Basi nakushukuru sasa. Ni wewe peke yako uliyeendelea kukaa nami bila kuniuliza swali.

Mdogo wako,
Kitinda

19 Machi 2024

Kitinda wangu,

Barua yako ilikuja imebanwa kati ya bili ya umeme na tangazo la wino. Nilipoona mwandiko nikafunga duka. Wateja watatu walikuwa wamesimama na vyeti vyao vya kutoa nakala, nikawaambia mashine imeharibika. Mashine ikaendelea kunguruma nyuma yangu, ikaniumbua.

Nimelia, nimecheka, nimeisoma tena. Umekuwa mtu wa koti. Mama angekwambia usitoke nje ghafla ukiwa na baridi mwilini.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Lakini nakuomba usipige kwanza. Tukipigiana tutaulizana hali ya hewa, salio litakwisha, kila mtu atakata akiwa na yake kifuani. Niandikie.

Huku tunaendelea. Wanangu wamekuwa warefu kuliko milango. Duka limebaki lilelile, ila sasa watu wanakuja na karatasi ndani ya simu, wananiambia, "Nitolee hii." Mzee yupo. Najua umesema humuulizii, na mimi sikujibu, nakwambia tu. Macho yamemwisha. Presha ya macho, walisema hospitali, tulichelewa. Jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Meza yake ya kutengenezea saa bado iko pale dirishani. Hafungui saa ya mtu tena, lakini kila asubuhi anaifuta vumbi.

Kuhusu dama, ni zamani, sikumbuki sana. Nafurahi kama ilikusaidia.

Njoo ututembelee. Miaka kumi na mitatu, mtoto wa nyumba hii, si mchezo.

Dada yako

6 Aprili 2024

Dada,

Hukumbuki sana? Watu wawili wakipika pamoja miaka mitatu, mmoja anaweza kusema hakumbuki chungu?

Samahani. Nilikuwa nangoja ucheke kidogo juu yake. Maana ulikuwa hodari, dada, na sikujua ulijifunzia wapi. Tulipokuwa nyumbani ulikuwa ukicheza dama kama mtu anayemwaga maharage. Mtandaoni ukawa mtu mwingine. Ulikuwa unafungua kwa kete ya pembeni kila mchezo, unanivuta taratibu, unanitolea moja nile, nikila tu nimekwisha. Katika michezo yote ile sijui kama nilishinda kumi.

Na ulikuwa mkavu! Kwenye kile kisanduku cha kuandikiana maneno nilikuwa naandika gazeti zima. Joto la huku, msimamizi wangu anayekoroma ofisini, msichana niliyedhani nitamwoa. Wewe unajibu neno moja: "Cheza." Nikasema dada yangu ana shughuli, anaiba dakika kati ya wateja. Nikalizoea lile neno. Ikawa nisipoliona siku yangu haianzi.

Kuna siku mbili nazikumbuka na nataka kukuomba radhi, kwa sababu nadhani ndizo zinazokufanya usikumbuke.

Moja ni ile nilipokuwa na homa, nikaandika kwamba Mzee akifa msiniite. Ulikaa siku nzima, ukajibu, "Cheza."

Ya pili ni mbaya zaidi. Ilikuwa tarehe aliyozikwa Mama. Nikakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu tangu nizaliwe. Wote mlidhani sikumsikia. Hata Mzee alidhani nilikuwa kiziwi wa mchezo. Niliandika kwamba Mama aliniita mara mbili, na nilisikia mara zote mbili. Ya kwanza nikajibu, "Nakuja, Mama, nimalizie hii." Ya pili sikujibu, kwa sababu nilikuwa karibu kuvunja rekodi yangu. Akaamua kuinuka mwenyewe.

Ulikaa siku nne kimya. Nikasema nimempoteza na dada. Siku ya tano kete ikasogea, na lile neno lako.

Nilikaa sakafuni kwenye chumba cha baridi, dada, mpaka mwenzangu akaja kunitoa. Hujui ulichonifanyia. Mtu anakwambia anajua ulichofanya na bado zamu ni yako.

Kwa hiyo usiniambie hukumbuki. Niambie tu kama ulinichukia zile siku nne.

Kitinda

28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara tano. Karatasi si tatizo dukani kwangu, tatizo ni mkono.

Kaa chini kwanza.

Aliyekuwa akicheza na wewe si mimi. Ni Baba.

Nitakueleza yote kwa mpangilio. Ulipoiacha ile simu mezani, ilikaa pale miezi. Nilitaka kuichukua, akasema iache. Unajua alivyokuwa akizichukia simu. Alikuwa akisema zimemuua yeye kabla ya wakati, maana nani atavaa saa wakati saa iko mfukoni? Basi siku moja nikamkuta kavaa ile lenzi yake ya jichoni ya kutengenezea saa, ameiinamia simu, anabonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto. Nikamuuliza, "Baba, unatafuta nini?" Akasema, "Nataka kuona ni kitu gani hiki kitamu hivi."

Akaanza na Chura. Ilimchukua wiki kuvuka jani la kumi. Kisha siku moja nimerudi kutoka dukani, nyumba nzima moshi, sufuria ya maharage imekuwa mkaa, na yeye kakaa hatua nne kutoka jikoni, anaruka majani. Nilimwita mara tatu. Aliponiona akaitazama sufuria, akaitazama simu. Chakula hakula siku ile.

Baadaye kidogo ndipo mwaliko wako wa dama ukaingia kwenye ile simu, kwa lile jina letu. Mimi sikuuona. Yeye ndiye aliyeuona. Akaja dukani asubuhi, maana pale palikuwa na intaneti, akaniuliza akibonyeza hapa itakuwaje. Nikamwambia utakuwa unacheza na Kitinda. Akabonyeza.

Nikamwambia, "Baba, mwandikie kwamba ni wewe." Akasema, "Akijua ni mimi ataacha." Nikaona amesema kweli. Ungeacha.

Tangu siku hiyo akawa mteja wangu wa kwanza. Namfungulia mlango, anakaa kwenye kile kigoda nyuma ya mashine ya fotokopi, anacheza hatua yake moja, anafikiri nusu saa kabla ya kuigusa. Kisha anakwenda kwenye saa zake. Nikimuuliza unaandika nini anasema, "Namwambia acheze." Siku mchezo ulipofungwa alikuja vilevile, akakaa, kile kioo kinamwambia hakuna mtandao, naye anauliza kama nimelipia. Nimemweleza mara ngapi. Alikuja wiki mbili.

Kuhusu zile siku nne sikuwa najua uliandika nini. Nakumbuka tu kwamba alikuja, akakaa, akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Nilidhani kidole kinamsumbua.

Nisamehe. Kila nilipotaka kukwambia nikaona nitawanyang'anya wote wawili kitu pekee mlichonacho.

Dada yako

15 Mei 2024

Dada,

Nimepata.

Nimekaa nayo wiki moja. Nimekwenda kazini, nimerudi. Jokofu namba sita limeharibika, nimelitengeneza, sikumbuki nimelitengenezaje.

Maneno niliyomwandikia dada yangu yalisomwa na mtu mwingine. Hilo kwanza. Miaka mitatu nilivua nguo mbele ya dirisha nikidhani lina pazia.

La pili. Alikuwa na kisanduku mbele yake. Alisoma kwamba nilimsikia Mama. Alisoma, akakaa siku nne, akasogeza kete. Kama alikuwa na la kusema, la kheri au la shari, angesema. Angenitukana ningeelewa. Neno moja kwamba yamekwisha, ningepanda gari kesho yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne tu, dada. Nisingevunja uchumba na yule msichana kwa kuogopa kuzaa mtoto ambaye siku moja ataniita nisiende.

Badala yake ananiambia nicheze. Mtu aliyenifukuza kwa ajili ya mchezo.

Usinibembeleze. Nijibu swali moja tu: kwa nini hakuweza kusema?

Kitinda

3 Juni 2024

Kitinda,

Nitakujibu. Na nikishakujibu utakuwa na haki ya kunichukia mimi zaidi yake.

Siku tuliyomzika Mama, Kinyozi alinivuta pembeni. Yule wa kona, rafiki wa Baba, aliyekuwa na benchi la dama nje ya kibanda chake. Alikuwa analia. Akaniambia, "Binti yangu, mimi sina amani. Siku ile mzee wenu alipita kwangu na dawa mkononi. Nikamwambia kaa tucheze moja. Akasema mgonjwa anangoja. Nikamwambia moja tu. Akanishinda. Nikataka kulipiza, nikamshinda. Ya tatu tulikuwa katikati mtoto wa jirani alipokuja mbio kusema mama kaanguka."

Nilimwambia Kinyozi anyamaze, asirudie mahali popote. Akaapa. Alikufa mwaka jana na kiapo chake.

Basi kesho yake Baba akakuuliza lile swali mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nusu hatua kutoka kwake. Nilijua. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona sura yako ilivyokuwa. Nikapita na chai.

Nimejitetea kwa mengi. Nilikuwa nimezika mzazi mmoja, naogopa kumvunja wa pili. Nilisema atakwambia mwenyewe, hasira ikipoa. Kisha ukaondoka, na kila mwaka ulipopita lile neno likazidi kuwa zito, mpaka likawa kama kabati, unalizunguka tu ndani ya nyumba yako. Lakini kweli ni kwamba ilikuwa rahisi zaidi wewe ubebe. Ulikuwa mbali. Sikuwa nauona mgongo wako.

Barua zako nimekuwa nikimsomea. Naruka sehemu, naye anajua naruka, ananiambia, "Rudi nyuma." Hii ya mwisho nimemsomea yote, nikamwambia na ya Kinyozi. Akaniomba karatasi na rula. Nikamwambia, "Baba, sema nikuandikie, ndiyo kazi yangu." Akasema, "Hili si la kuandikiwa."

Dada yako

9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Dada yako ameniwekea rula nishike mstari. Ukiona maneno yamepandana ujue rula iliteleza.

Dawa niliipokea saa nane na nusu. Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano. Mama yako alianguka saa tisa na dakika tano. Mimi nilifika saa tisa na nusu. Mimi ni fundi saa, hesabu hiyo nimeifanya kila siku ya Mungu na haijawahi kubadilika.

Nilipoingia uliniambia, "Baba, nilikuwa nacheza." Ulikuwa umempakata Mama, na ile simu iko sakafuni inalia mlio wake. Nitakwambia nilichokihisi. Nilishukuru. Nilipoiona ile simu nilishukuru. Nikajua hakuna mtu atakayeniuliza mimi nilikuwa wapi.

Lile swali nililokuuliza lilikuwa langu. Nilijiuliza mwenyewe nikakurushia wewe, kwa kuwa ulikuwa karibu.

Uliandika uliitwa mara mbili ukasikia. Mimi sikuitwa, lakini nilijua anangoja, na nilijua wakati. Zile siku nne niliandika, Hata mimi. Nikafuta. Niliandika, Nilichelewa. Nikafuta. Kidole changu kimefungua saa elfu ngapi, kikashindwa kubonyeza hapo mwisho. Nikabonyeza neno nililolizoea. Nilitaka usiondoke tu.

Sikuombi kitu. Umri wa kuomba nimeuacha nyuma. Ila nilitaka ulijue hili kutoka kwangu nikiwa hai, wala si kwa maneno ya marehemu Kinyozi au ya dada yako tu.

Baba yako

25 Agosti 2024

Dada,

Nimefika huku kazini salama. Safari ilikuwa ndefu, tairi lilipasuka mara mbili, na mwanamke aliyekaa pembeni yangu alinilisha karanga njia nzima akidhani nimefiwa. Sikumkatalia.

Samahani niliondoka bila kukuaga vizuri. Nakuandikia ya siku zile ulizokuwa dukani, maana najua utamuuliza Baba na hatakwambia.

Siku ya kwanza unaijua. Uliona mwenyewe. Miaka kumi na mitatu, nimepanga hotuba tangu stendi ya kwanza, nafika mlangoni, Baba anainua uso upande usio sahihi anauliza, "Umekula?" Hotuba ikaisha hapo. Nikala.

Siku ya pili nilimkasirikia. Ulidhani nimekwenda kununua betri. Nilikuwa nimemwambia maneno mabaya, dada, kwamba alikula ujana wangu akiwa amekaa kwenye kigoda. Hakujitetea. Hilo lilinikera zaidi. Nilitembea mpaka kule kwenye kona ya Kinyozi. Sasa kuna duka la mapazia. Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumgombeza, nikakuta msichana anapima kitambaa. Nikarudi.

Siku ya tatu ndiyo ninayotaka kukwambia. Tulikuwa wawili tu, asubuhi, ameshafuta ile meza. Akaniuliza bila kunigeukia, "Mama yako alikuwa anataka nini?"

Sikumwelewa.

"Alipokuita. Alikuwa anataka nini?"

Dada, kumbe hakuna aliyewahi kuniuliza. Miaka yote hiyo watu waliuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia. Mara ya kwanza alisema, "Njoo unifungulie dirisha." Mara ya pili alisema jina langu tu. Haikuwa kiu, hayakuwa maumivu. Dirisha.

Akasema, "Lile komeo lilikuwa gumu. Nilikuwa nimemwahidi kulitia mafuta tangu mwezi uliotangulia." Kisha akafunika macho, yale yasiyoona, kama watu wanaoona wanavyofanya.

Sijui kama nimemsamehe. Watu wanalisema neno hilo kama risiti, ukishapewa unaondoka. Mimi naamka nikiwa nimesamehe, ikifika mchana nimerudi nyuma. Na wewe bado nina neno na wewe. Ile sinia ya chai naiona. Nitakuja kulisema nikiwa mbele yako, si kwa karatasi. Usiogope sana, lakini ogope kidogo.

Mchana ule nikaona kucha zake zimekuwa ndefu na zimekatika ovyo. Nikamuuliza nani anamkata, akasema anajikatia kwa kupapasa. Nikatafuta kikata kucha, nikakaa chini, nikaweka mkono wake kwenye goti langu. Sidhani kama nilikuwa nimewahi kuushika mkono wa Baba, zaidi ya salamu. Ni mkono mdogo, dada. Nilikuwa nakumbuka mkubwa.

Nikakata moja moja. Nilipofika kwenye ukucha wa kidole gumba cha kulia, ule mrefu mnene anaoufuga wa kubandulia migongo ya saa, nikasita.

"Na huu?" nikauliza.

Akaugusa kwa kidole kingine, akautembeza pale ncha ilipochongoka.

"Kata," akasema.

Ulikuwa mgumu kama pembe. Mara ya kwanza kikata kucha kiliteleza kikambana nyama, damu kidogo ikatoka. Nikasema, "Samahani, Baba." Nikarudia kukata. Hakuvuta mkono.

Mdogo wako,
Kitinda